Maswali ya Wasomaji: Sensa za pH na Redoksi

SWALI: Sensa ya pH ya bwawa letu la kuogelea naifanyia kalibresheni (kuirekebisha kwa kipimo kinachojulikana) kila wiki, lakini baada ya siku mbili inasoma vibaya tena. Imekufa?

JIBU: Pengine ni chafu tu. Ukifanya kalibresheni kabla ya kusafisha, mita inajipanga kwa kufuata uchafu. Uchafu ukibadilika kidogo, namba zinahama.

Mafuta na losheni za waogaji hutoka kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Utando mweupe wa chokaa unahitaji asidi hidrokloriki ya 0.1 mol/L kwa dakika 15, ukiwa umevaa glavu na miwani. Suuza kwanza maji ya bwawa yaishe kabisa kwenye sensa: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Halafu loweka sensa kwenye potasiamu kloraidi ya 3 mol/L kwa saa moja au zaidi. Huo ndio mmumunyo wa kuihifadhia pia; maji yaliyokenekwa huifyonza chumvi na kuichosha.

Kukausha, gusisha tishu kwenye bulbu ya kioo. Usisugue, maana umeme tuli utafanya namba ziyumbe.

Kwenye kalibresheni, anza na bafa (mmumunyo wenye pH inayojulikana) ya 7.00. Ya pili ingefaa kuwa 10.01, kwa kuwa bwawa liko juu kidogo ya 7, ila bafa hiyo hunyonya kaboni dioksaidi hewani na pH yake hushuka. Kama chupa imefunguliwa siku nyingi, heri utumie 4.01. Mimina kidogo kwenye kikombe, na bafa iliyobaki kikombeni usiirudishe chupani.

Sasa tazama milivolti ambazo mita inaonyesha kwa kila bafa. Tuseme 7.00 imetoa 12 na 4.01 imetoa 171. Tofauti ni 159. Gawanya kwa 2.99 (7.00 toa 4.01) upate 53.2 kwa kila pH moja. Sensa kamili hutoa 59.16 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hivyo yako iko 90%. Isafishe tena. Ikishuka chini ya 85%, nunua nyingine.

SWALI: Na ya redoksi, nitumie bafa zipi?

JIBU: Hakuna. Sensa ya redoksi, inayopima kwa milivolti nguvu ya maji ya kuoksidisha, hukaguliwa kwa mmumunyo mmoja wa redoksi wenye milivolti zilizoandikwa kwenye chupa, mathalani 220 au 475. Soma lebo vizuri: thamani hiyo ni ya joto fulani na ya elektrodi rejeleo (ile ambayo kipimo hulinganishwa nayo) ya aina fulani. Tofauti ikiwa chini ya milivolti 15, usiiguse. Ikizidi, sugua pete ya platinamu taratibu kwa poda laini ya alumina (dawa ya meno ya kawaida nayo hufaa), suuza, kagua upya. Bulbu ya pH haisuguliwi hivyo hata siku moja. Ukiirudisha bwawani, sensa ya redoksi inaweza kuchukua saa kadhaa kabla haijatulia, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha kiwango cha klorini.