Warsha za muziki na miondoko kwa walimu wa msingi: nenda, ila chagua

Mwalimu mwenzangu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Umesema umepangiwa Sanaa na Michezo darasa la tatu na la nne huko Sengerema, hujawahi kusoma muziki, darasa moja lina watoto wanaokaribia mia, kinanda hakuna, na unauliza kama kuna haja ya kutoa hela yako mfukoni kwenda warsha. Wengi wamekushauri usubiri serikali ilete semina. Mimi nafundisha Morogoro, nimekaa kwenye za posho na za kujilipia, na nasema nenda. Ila chagua.

Kuna semina ambayo mwezeshaji anawasha projekta asubuhi na kuwasomea slaidi za umuhimu wa muziki kwa mtoto mpaka chai ya saa nne. Mchana mnagawanywa makundi, mnaandika kwenye bangokitita, jioni mnapiga picha ya pamoja. Nimehudhuria ya namna hiyo. Hakuna aliyeimba hata sauti moja, na Jumatatu nikaingia darasani sina jipya la kuwapa watoto. Iliniuma, maana kuna walimu waliokuwa wametoka mbali wakiwa na hamu kweli ya kujifunza.

Warsha ya maana utaijua mapema: viti vimesukumwa ukutani na watu wamesimama duara. Nikupe mfano mmoja, na uufanye hapo ulipo. Sema “njoo tupike” bila kukatisha, rudia, rudia tena, ukiivuta “njoo” na “ke” mara mbili ya “tu” na “pi”. Sasa weka mwili. Kwenye “njoo” kanyaga na upige kofi kwa pamoja. Kwenye “tu” kofi tu. Kwenye “pi” mguu mwingine peke yake. Kwenye “ke” kofi. Umeshapiga makofi matatu juu ya hatua mbili, mdundo uleule wa tatu kwa mbili unaousikia kwenye ngoma nyingi za kwetu. Mtu akikueleza kwa hesabu ubaoni utachanganyikiwa. Ukiusema kwa mdomo unakaa wenyewe. Baadaye acha kusema, miguu na mikono iendelee kimya. Hapo ndipo unawaona watoto wameshika kweli, maana anayefuata mkumbo anapotea papo hapo.

Utaratibu huo wa kuanza na maneno, yakaenda mwilini, halafu ndiyo yafike kwenye ala, ni msingi wa njia ya Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Ujerumani. Alianza kuijenga Munich mwaka 1924, pale yeye na Dorothee Günther walipofungua shule iliyofundisha muziki na dansi kwa pamoja, na Gunild Keetman ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuigeuza iwe masomo ya watoto. Tangu 1961 kuna taasisi yake Salzburg, Austria, inayoandaa walimu. Marekani wana chama chao tangu 1968, na kozi zao zimepangwa kwa ngazi tatu. Nayataja haya kwa sababu wawezeshaji wengi wanaokuja huku wamepitia huko, wao au waliowafundisha, na ukijua kitu kilikotoka hutishwi na majina.

Jina la pili utakalolisikia ni Jaques-Dalcroze, Mswisi aliyefundisha Geneva. Aliona wanafunzi wake wanajua nadharia ya muziki lakini hawana mdundo mwilini, akaanza kuwatembeza kwa muziki: kinanda kikienda haraka nao haraka, kikinyamaza wanaganda. Kwa darasa la watoto mia hili ni dawa. Chukua ngoma au hata ndoo, wapeleke uwanjani, tembea na mlio, ganda mlio ukikata. Kabla hujafundisha chochote umepata njia ya kuwanyamazisha bila fimbo na bila kukauka koo.

La tatu ni Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, na hapa wewe hauko mgeni kama unavyodhani. Umesema unaimba kwaya. Ile solfa ya kwaya, d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti), aliieneza John Curwen Uingereza karne ya 19, wamisionari wakaja nayo huku, na Kodály naye akaichukua pamoja na ishara zake za mkono. Do ni ngumi usawa wa kiuno, mi ni mkono bapa usawa wa kifua, so ni kiganja kinachokutazama, juu zaidi. Anza na so na mi tu, sauti mbili ambazo mtoto huziimba akimwita mwenzake kutoka mbali. Wakizoea ongeza la, kisha do na re. Fa na ti waziache kwanza. Kwa sauti hizo tano mtoto akitunga wimbo wake hautagongana na wa jirani, na kutunga ndiko kunakowafungua wale wasioinua mkono masomo mengine.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mpigie mwandaaji. Muulize kama mtafanya wenyewe au mtasikiliza, na kama kila mshiriki atasimama kufundisha wenzake japo dakika kumi. Kwangu hilo la pili ndilo linaloamua, maana kufanya zoezi ukiongozwa na kuliongoza wewe ni kazi mbili tofauti. Muulize pia mazoezi yake yanahitaji vifaa gani. Akikuambia zilofoni (ala ya kugonga kama marimba) kwa kila mtoto, warsha hiyo inaweza kuwa nzuri sana, lakini ni ya shule nyingine.

Usidharau vyuo vya hapa. Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kina watu wanaoijua ngoma kwa miguu yao, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy. Kabla ya hapo, mtafute kiongozi wa kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma, hapo kwenu. Msikilize anavyowapanga vijana wake wapya, nani anaanza, nani anaingia lini. Umo ufundishaji mle ambao hutaukuta kwenye kabrasha.

Ukirudi kutoka warsha, ulilojifunza lisikae kwenye daftari. Omba kipindi cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwako, wafundishe walimu wenzako zoezi moja tu, uwanjani, na lifanye na darasa lako wiki hiyohiyo. Sisi tulianza hivyo, na sasa mwalimu wa Hisabati anatumia makofi kufundisha jedwali la kuzidisha.

Kuhusu cheti: changu kipo kwenye faili na hakijanipandisha daraja. Kama hiyo ndiyo sababu kuu ya kwenda, tunza hela yako. Kama ni watoto, weka hapa bajeti yako na lini utakuwa likizo, na wadau wa Mwanza wenye taarifa ya warsha ya karibu wamsaidie mwenzetu asilazimike kusafiri hadi pwani.