Shangazi Anajibu: Mke Wangu Anang'ang'ania Nyumba Kuukuu ya Magomeni

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, tunapanga Kinondoni, Dar es Salaam. Tumejaliwa kuweka akiba ya shilingi milioni 120, na ndani yake zimo fedha za vikoba vya mke wangu. Nataka tununue kiwanja Bunju tujenge nyumba ya heshima, yenye uzio na nafasi. Mke wangu, ambaye anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anang'ang'ania tununue nyumba ya urithi Magomeni, ya vyumba sita, korido katikati na choo cha uani, eti iko karibu na biashara. Nimemwambia mimi nina gari, umbali si tatizo. Naona anachokitaka mjini ni baraza na maneno ya barazani. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mama yangu mzazi, anayeishi Magomeni hiyohiyo, yuko upande wake. Kweli watoto wangu wakalelewe uswahilini kwenye ngoma za vigodoro? Dalali wa Bunju ananisubiri na ameshapokea kidogo. Nimshawishi vipi mke wangu? – Baba wa Wawili, Kinondoni."

Marahaba, mwanangu. Kulea watoto katika nyumba ya kupanga kunachosha, na kuweka akiba katika mji ambao kodi hudaiwa miezi sita kwa mkupuo si kazi ndogo. Nakupongeza, na pongezi hizo nazigawa sawa kwako na kwa mkeo, kwa sababu umekiri mwenyewe kwamba ndani ya hizo milioni zimo fedha zake, ingawa hukutaja ni kiasi gani. Mtu aliyechangia kidogo sana huwa anatajwa kiasi chake ili ionekane ni kidogo. Wewe umenyamaza, nami nachukua kwamba amechangia pakubwa.

Umesema "mimi nina gari, umbali si tatizo." Rudia kuisoma sentensi hiyo taratibu. Gari ni lako. Mkeo atatoka Bunju kwa daladala, zaidi ya kilometa ishirini na tano, apite Tegeta na Mwenge pamoja na foleni zake zote, ili afike Kariakoo kabla wateja wa jumla hawajaanza kuzunguka. Hiyo maana yake ni kuamka saa kumi alfajiri, kuwaacha watoto wamelala, na kurudi usiku wakiwa wamelala tena. Umetaja biashara yake ilipo, lakini kazi yako wewe iko wapi hukusema, nami nashuku kwamba iko upande wa Bunju, kwenye Barabara ya Bagamoyo. Kama nimekosea utanisamehe, na kama nimepatia, basi ulichokiita umbali usio tatizo ni umbali ambao hutausafiri wewe.

Ilinganishe safari hiyo na ya Magomeni. Mtu akiwa Magomeni Mapipa anavuka Jangwani, anafika kituo cha Fire, na Kariakoo iko pale. Mabasi ya mwendokasi yamepita njia hiyo tangu Mei 2016, na siku ambayo basi limejaa mpaka mlangoni, mwenye miguu mizima anaweza kutembea. Mwanamke anayeishi hapo anaweza kurudi mchana kumwangalia mtoto mwenye homa kisha akarudi kwenye meza yake kabla ya alasiri. Mkeo amepiga hesabu ya maisha ya kila siku, na wewe umeisikia kama mapenzi ya umbea.

Tena kuna jambo la Mabwepande, ambalo ni jirani kabisa na hapo Bunju unapopataka. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia huko watu wa Bonde la Msimbazi na kuwapa viwanja. Kupewa kiwanja ni jambo la kushukuru, lakini wapo walioviacha na kurudi mjini, hata kwenye hatari ileile, kwa kuwa kibarua, biashara ndogo na ndugu wa kumwachia mtoto vilibaki mjini. Watu wale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba nyumba iliyo mbali na riziki hula riziki yenyewe kwa nauli na kwa saa za barabarani.

Sasa tuje kwenye neno lako la "heshima." Umeandika Magomeni kama mahali pa kumwaibisha mtu, na hapo umenikasirisha. Sehemu kubwa ya Magomeni ilipimwa na kupangiwa mitaa tangu enzi za Waingereza. Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni katika miaka ya kudai uhuru, na nyumba yake ni makumbusho hadi leo. Mwaka 2022 Rais Samia alizindua pale Magomeni Kota maghorofa ya kaya 644 waliokuwa wakazi wa kota za zamani, nao walirudi kwa furaha mahali ambapo wewe hutaki watoto wako wapaone. Na mama yako amekulelea wapi? Kama ni hapohapo, basi uswahili unaouogopa ndio uliokufanya uwe mtu mwenye akiba ya milioni 120.

Kuhusu mama, hukueleza sababu zake, umesema tu kwamba "yuko upande wake," kana kwamba ni mechi. Mama mkwe anayemtetea mkwe wake dhidi ya mtoto wake wa kumzaa si jambo la kila siku, na mimi nikiliona huwa namwamini mama. Yeye ni mtu mzima anayezidi kuzeeka, na anajua kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akianguka uani usiku, wa Magomeni atafika kwa miguu, na wa Bunju atafika asubuhi. Pengine pia anakujua kwamba wewe ni mwepesi wa kuanza na mzito wa kumaliza, nami nalisema hilo kwa sababu ya hesabu yako ya fedha.

Milioni 120 Bunju ni kiwanja, msingi, kuta, na labda mabati ikiwa fundi ni mwaminifu. Baada ya hapo linabaki pagale, nanyi mnaendelea kulipa kodi Kinondoni huku mkisafiri kila Jumapili kwenda kuona kama saruji haijaibwa. Nimepokea barua nyingi za ndoa zilizochakaa kwenye mapagale, mume anakopa kwa siri amalizie dari, mke anaulizwa kwa nini mboga ni ya kunde kila siku. Nyumba ya Magomeni ni kuukuu, lakini ina paa leo. Vyumba sita kwa watu wanne vina maana kwamba chumba cha mbele kinaweza kuwa fremu ya duka, na kingine kikapangishwa mpaka mtakapojiweza. Naamini mkeo alikueleza haya yote ulipokuwa unafikiria uzio.

Jibu langu basi ni kwamba usimshawishi. Mkeo amechagua vizuri mtaa. Kama amechagua vizuri nyumba, hilo sijui, na hapo ndipo ninapotaka nguvu zako zielekee, kwa sababu nyumba za katikati ya mji, hasa za urithi, zimewaliza watu wengi kuliko viwanja vya mbali.

Kwanza ni maji. Magomeni ina upande wa juu na upande unaoshukia Bonde la Msimbazi, na tofauti yake ni ndoa na talaka. Serikali imeanza mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nyumba nyingi za bondeni zimelipwa fidia na kubomolewa. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa ardhi wa manispaa, uulize kama nyumba hiyo imo ndani ya mipaka ya mradi, na usikubali jibu la dalali. Kisha ingia ndani ya vyumba vya nyuma, uchuchumae, uangalie ukuta chini. Rangi mpya iliyoishia magotini, yenye mabaka ya chumvi yanayoanza kuvimba, inakuambia maji yalifika wapi. Waulize wapangaji, si wauzaji, masika ya mwisho walilala wapi. Na mkeo naye aambiwe ukweli kwamba mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa, na siku hizo hata mtu wa Magomeni huzunguka.

La pili ni mirathi, na hili ndilo zito zaidi. Umeandika "nyumba ya urithi" kama unavyosema nyumba ya bati. Je, marehemu ameacha watoto wangapi, kwa wake wangapi, na wako wapi? Anayekuuzia lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya uteuzi unayoweza kwenda kuihakiki katika mahakama hiyohiyo, na warithi wote watu wazima waweke ridhaa yao kwa maandishi mbele ya wakili. Muhuri wa mjumbe na mashahidi wa barazani havitoshi. Kuna kaka mkubwa anayekunjua mkono kupokea fedha huku dada yao aliye Tanga hajui kwamba nyumba inauzwa, na siku atakapojua, mtaonana mahakamani huku mmeshapiga plasta.

Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua kama hati ipo, kwa jina la nani, na kama haina zuio au rehani ya benki. Pembezoni mwa Magomeni zipo nyumba zenye leseni ya makazi tu, na leseni ni ya muda mfupi, haina uzito wa hati ya miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo bei yake haipaswi kulingana. Ulizia malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Angalia na mita ya umeme, maana tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na nyumba ya wapangaji sita inaweza kuwa na deni ambalo kila mmoja anadhani linalipwa na mwenzake. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi humgeuzia mnunuzi dakika ya mwisho, hivyo iandikwe kwenye mkataba ni nani anailipa.

Jengo lenyewe nalo likaguliwe. Panda na fundi darini aziguse kenchi kwa bisibisi, maana mchwa huacha ganda zuri nje na unga ndani. Tafuta shimo la choo lilipo, na uone kama gari la kunyonya majitaka linaweza kusogea karibu kiasi cha mpira wake kufika, kwa sababu vichochoro vya zamani vimebanwa na mabanda ya uani, na shimo lisilofikika hujaa kila masika. Halafu nenda Ijumaa usiku na Jumamosi usiku, ukae barazani kwa mama yako, usikilize. Vigodoro vipo, sitakudanganya, na kama baa iko ukuta kwa ukuta na chumba cha watoto, mtafute nyumba mitaa miwili mbele. Hilo ndilo jambo moja la maana lililokuwamo katika malalamiko yako.

La tatu ni majina. Hati itoke kwa majina yenu wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mkeo ametoa kazi za nyumbani na fedha taslimu juu yake. Nalisema hili kwa sababu vijana wa siku hizi mmezoea kuoa mwanamke anayeleta fedha huku mkitaka kuamua kama baba zenu walioleta kila kitu peke yao. Baba zenu walilala wanadaiwa duka na hawakumwambia mtu, lakini angalau walikuwa wanatumia fedha zao. Ninyi mnachanga pamoja, mnapanga peke yenu, kisha mnamwita mwanamke mbishi. Siku hizi watu wanajenga nyumba ili wapige picha mbele ya geti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, na ndani ya geti hilo mke hana mtu wa kumwomba chumvi.

Sasa hilo dogo alilolipokea dalali wa Bunju. Umeliweka mwishoni mwa barua, ukalipitia haraka, na hukusema kama mkeo analijua. Nina hakika halijui. Hukumuuliza, umelipa, na sasa unaniomba nikufundishe kumshawishi ili asigundue kwamba uamuzi umeshafanyika. Hilo ndilo kosa katika barua hii, mwanangu, wala si Magomeni.

Mwambie leo, kabla hajalala, na umtajie kiasi kamili. Kama zilitoka kwenye vikoba vyake, hilo nalo mtajie, kwa sababu ana wanachama wenzake wa kuwajibu siku ya mgao. Kesho nenda kwa dalali ukiwa na stakabadhi yako, na kama hukupewa stakabadhi, nenda na shahidi, udai fedha irudi. Dalali atakuambia advansi hairudi. Muulize ni mkataba gani umesema hivyo, na uombe mwenye kiwanja mwenyewe aitwe, maana mara nyingi fedha hiyo haijamfikia. Zikirudi, zitumie kumlipa wakili wa upekuzi wa Magomeni, na mkeo awepo ofisini kwake siku hiyo.