Kuagiza kioo cha darubini: dai kipimo kilichoandikwa

Ndugu, umeuliza kama kioo cha kuagiza chenye kipenyo cha milimita 250 na uwiano wa fokasi wa f/5 (umbali wa fokasi ni mara tano ya kipenyo) kinastahili gharama ya ziada, kwa kuwa fundi anaahidi usahihi wa moja ya kumi ya wimbi, yaani kosa lisilozidi sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi la mwanga. Kwanza mtake aeleze iwapo anapima uso wa kioo au mwanga uliokwisha kuakisiwa, maana kosa la usoni huongezeka maradufu mwanga unaporudi, na hiyo moja ya kumi huwa moja ya tano. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, kosa la uso la nanomita 55 tayari ni hiyo moja ya kumi. Kwa hiyo dai ripoti ya majaribio ya kioo chako chenyewe, ikionyesha pia ukingo, ambao huharibika upesi wakati wa kung'arisha. Fundi makini hatakunyima. Chagua borosilikati, aina ya kioo ambayo hutanuka kwa joto chini ya nusu ya kioo cha dirisha. Kioo kidogo cha bapa, kinachogeuza mwanga wa kioo kikuu kuelekea jicho, nacho kikaguliwe kwa ukali uleule, kwani kikipinda kitaharibu taswira hata kama kioo kikuu hakina dosari.