Kilomita au kilometa?

SWALI: Binti yangu aliandika "kilometa" kwenye insha, mwalimu akaikata kwa wino mwekundu. Redioni nasikia kilometa na kilomita pia. Lipi sahihi? Na je, ni neno la Kiingereza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mimi huandika kilomita. Dukani tunaomba mita tatu za kitenge, na sioni kwa nini irabu ibadilike mita inapoingia ndani ya neno refu zaidi. Lakini kumkata mtoto alama ni kumwonea: meta na kilometa zimo katika vitabu vingi vya Kiswahili. Kosa ni kuandika mita hapa na kilometa pale katika insha moja.

Kiingereza kilitupitishia tu. Neno lilizaliwa Ufaransa. Kabla ya Mapinduzi ya 1789, karibu kila mji huko ulikuwa na vipimo vyake, na mnyonge ndiye aliyepunjwa. Wanamapinduzi wakataka kipimo kisicho cha mfalme wala cha mji wowote: sehemu moja kati ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Ili kuukadiria umbali huo, kuanzia 1792 wanaastronomia Delambre na Méchain walihangaika miaka kadhaa wakipima nchi kati ya Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, na Barcelona, Hispania. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ndiyo iliyotaja mètre, litre na gramme. Majina yenyewe yalichotwa katika Kigiriki: metron ni kipimo, khilioi ni elfu. Kwa hiyo tukisema "kilo mbili za sukari" tumetamka elfu na kuiacha gramu, kama Wafaransa wenyewe wanavyofanya.

Linalonigusa zaidi ni lita. Asili yake ni litra ya Kigiriki, na litra hiyohiyo ilishapita kwa Waarabu ikawa ratl, ikashuka pwani yetu ikawa ratili, kipimo cha zamani cha uzito. Bibi aliyepimiwa ratili ya samli na mjukuu anayenunua lita ya mafuta ya taa wanatumia maneno ya ukoo mmoja.

Ukienda Lubumbashi, huko Kongo, ambako shule zilisomesha kwa Kifaransa, utasikia metre na litre. Usiwakosoe, wao walilipokea mlango wa mbele.

Mwambie binti pia kwamba wingi wake haubadiliki: kilomita moja ya lami, kilomita kumi za lami. "Makilomita" aiache kwenye mazungumzo, anapotaka kulalamika kwamba njia ni ndefu.