Wahudumu wa afya wa vijijini Ethiopia hulipwa

Wengi huuliza kama wahudumu wa afya wa vijijini Ethiopia hufanya kazi ya kujitolea. Hapana, hao si wa kujitolea. Ni waajiriwa wa serikali wenye mshahara tangu mpango wa kuwapeleka vijijini uanze 2003. Karibu wote ni wanawake, husomeshwa mwaka mmoja kisha hupangwa wawili wawili kwenye kila kebele, ngazi ya chini kabisa ya utawala kwao, yenye watu kama 5,000 hivi. Tuliosoma afya ya jamii tulikaririshwa mfano huu mpaka basi! Wasiolipwa ni wanawake wa lile "jeshi la maendeleo" wanaowasaidia kupita nyumba kwa nyumba, ndiyo maana watu huwachanganya. Ila usidhani serikali inabeba kila kitu: chanjo na dawa zimetegemea sana wafadhili kama Gavi (shirika la kimataifa la chanjo) na Global Fund (mfuko wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria).