DJ anapoalikwa kupiga na kikundi cha taarab

Mara ya kwanza nilipopiga pamoja na kikundi cha taarab, katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, niliharibu wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nilikuwa nimevuka kutoka Dar es Salaam nikiwa na uzoefu wa miaka tisa wa harusi na kumbi za usiku, nikaamini kwamba mtu anayeweza kuhamisha umati kutoka kwenye zouk hadi singeli bila mtu kurudi kitini hawezi kushindwa na udi, ganuni, fidla, besi ya kusimama na ngoma ndogo ya dumbak. Mdundo niliouandaa ulionekana mzito mbele ya hadhira ile, nami nikausogeza mbele kwa asilimia nne, kama ninavyofanya kila wiki bila kufikiri. Mpiga ganuni alipogusa nyuzi zake alinitazama kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali, kisha akaendelea kwa adabu mpaka mwisho. Adabu ile iliniuma kuliko ambavyo tusi lingeniuma.

Kosa lenyewe ni la kihesabu. Santuri, au faili linalopigwa kwa mtindo wa santuri, likiongezwa kasi hupanda pia sauti, na asilimia sita hivi inatosha kuipandisha kwa nusu toni nzima, yaani kutoka kibao kimoja cha kinanda hadi kile cha jirani. Wao walikuwa wamekaza nyuzi zao kwa kipimo cha 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, nami kwa ile asilimia nne nilikuwa nimefika karibu na 458, yaani mahali ambapo hakuna chombo kingine chochote jukwaani kilichokuwapo. Mashine za siku hizi zina kitufe cha kufunga sauti ili kasi ibadilike peke yake, na kinafaa kwa marekebisho madogo, lakini ukikitegemea kwa mabadiliko makubwa ngoma hupoteza ukali wake na besi huanza kutetemeka. Ninalolifanya sasa ni kukubaliana kasi katika mazoezi, kisha ninarudi nyumbani kuitengeneza midundo yote upya kwa kasi ile ile, ili usiku wa onyesho nisiwe na sababu ya kuisogeza ila kidogo sana.

Asije akakudanganya mtu kwamba wanamuziki ndio watakaokufuata kwa upande wa sauti. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa zimepangwa tatu tatu kwa noti moja, na hewa ya pwani pamoja na ubaridi wa kiyoyozi huzilegeza na kuzikaza zinavyotaka. Kumwambia mpigaji azikaze upya kwa sababu faili lako limekaa vibaya ni kumwomba nusu saa ambayo hana. Wewe una kompyuta, wewe ndiwe unayehama. Liko pia jambo ambalo kompyuta haitalitatua: nyimbo zinazofuata maqamu, yaani mipangilio ya noti ya Kiarabu, kama Rasti na Bayati zina noti zinazokaa katikati ya vibao viwili vya kinanda, na ukiweka chini yake kodi nene (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kinanda cha umeme, ambazo zote zimejengwa kwa vibao hivyo, kila mwenye sikio ataona kwamba kuna mtu anayegombana na fidla. Kwa nyimbo za namna hiyo ninabakiza ngoma na noti moja ya msingi ya besi, basi. Mwanzoni niliona ninajinyima. Siku hizi naona hapo ndipo kazi yangu inaposikika vizuri zaidi.

Katika mazoezi ya onyesho la pili mzee aliyekuwa akipiga dumbak aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Mwanangu, hicho chombo chako kinatusikia?" Nikamjibu, "Hapana, mzee, hakisikii." Akasema, "Basi itabidi usikie wewe kwa niaba yake." Nilikuwa nimeandaa wimbo wa dakika nne na nusu, wenye utangulizi, beti, kiitikio na mwisho, kila kimoja mahali pake, kana kwamba wenzangu watano walikuwa wamekuja kuimba juu ya kanda. Sikuwa nimekumbuka kutunza. Katika taarab mtu akiguswa na ubeti huinuka, akaenda taratibu mpaka mbele na noti yake ya fedha mkononi, akamtunza mwimbaji. Wakiinuka kumi, mwimbaji atarudia ubeti ule mpaka wote wafike, na hakuna anayejua mapema kama itakuwa mara mbili au mara saba. Faili lenye urefu maalumu halina subira hiyo. Litaingia kwenye kiitikio wakati bibi wa watu bado yuko katikati ya ukumbi.

Kwa hiyo vunja kazi yako vipande kabla hujaenda kwenye mazoezi: ngoma nzito peke yake, vyombo vidogo vya mdundo peke yake, besi peke yake, mapambo peke yake, na kila kipande kiwe kifupi, cha mapigo machache, kinachoweza kujirudia bila kikomo mpaka wewe mwenyewe ukiondoe. Kubalianeni pia nani anatoa ishara. Kwetu alikuwa mpiga fidla, ambaye aliinua upinde juu kidogo kuliko kawaida kila tulipotakiwa kuhama, nami nilijifunza kutoinamia skrini, tabia ambayo kwa DJ wengi, mimi nikiwemo, imekuwa kama kilema.

Kuhusu nani anashika kasi, wapo wanaosema mpiga ngoma lazima avishwe kifaa cha sikioni kinachompigia mapigo ya kompyuta. Kwa kijana aliyezoea studio ni sawa. Kwa mzee aliyepiga dumbak miaka arobaini ni kumfunga kamba mguuni, kwa sababu kasi yake hupumua: husogea kidogo mwimbaji anapochangamka, hurudi anapomaliza ubeti, na uzuri wote umo humo. Kwake ninaweka ngoma zangu chache, ninaweka kidole kwenye gurudumu la mashine linalosogeza kasi, na ninamfuata yeye. Inachosha mkono, lakini inawezekana, ila uwe umekaa karibu naye. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, maana yake spika iliyo mita kumi mbali inakufikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 30, na ukiongeza ucheleweshaji wa kompyuta yenyewe unapata pigo lako na pigo lake yakifuatana kama watu wawili wanaobisha hodi mlango mmoja. Omba spika ndogo ya jukwaani kwa ajili yenu wawili, na usiutegemee ukumbi.

Besi za chini zikate bila huruma pale besi ya kusimama inapopiga, kwa kuwa zikikutana mbili ukumbi husikia ngurumo tu. Udi ukiwa na maikrofoni uwekwe mbali na spika zako. Mengine fundi mitambo anayajua kuliko wewe, mradi umempelekea mapema orodha ya vyombo na idadi ya njia utakazohitaji kwenye mikseri.

Mazoezi yanastahili maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo DJ wengi tunapojidai. Tunawaona wanamuziki wa ala kama pambo la seti yetu, wakati tunaingia katika nyumba iliyokuwapo kabla yetu: Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na kila kikundi kina desturi yake ya nani huanza, nani hukaa wapi na nani husahihisha wengine. Uliza mapema kama wanasoma noti au wanashika kwa sikio. Vijana wengi waliopitia chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002, wataridhika ukiwapelekea karatasi. Wakubwa zao watataka kuusikia wimbo, kisha watakuonyesha ulipokosea. Panga vikao visivyopungua vitatu, na cha kwanza nenda bila mashine, ukae, usikilize, unywe chai. Na kabla ya kikao cha mwisho malizeni habari ya malipo, jina la nani litatangulia kwenye tangazo, na kama kurekodiwa kunaruhusiwa, kwa kuwa wimbo una mwenyewe na haki zake husimamiwa na COSOZA, taasisi ya hakimiliki, kwa upande wa Zanzibar.

Umeme nao. Usiku wa onyesho la tatu ulikatika katikati ya wimbo, taa zikazima, spika zikazima, nami nikabaki nimesimama nyuma ya meza kama muuza duka asiye na bidhaa. Wao hawakukosa hata pigo moja. Udi na ganuni zilisikika vizuri kuliko zilivyokuwa zikisikika kwenye spika, na watu wakasogea karibu. Jenereta lilipowaka, kipande changu, ambacho kilikuwa kikiendelea kujizungusha ndani ya kompyuta yenye betri, kiliingia kwa kishindo, nje kabisa ya mdundo. Tangu hapo nina mazoea ya kushusha kila kitu kwenye mikseri mara tu taa zinapopepesa, na ninapandisha tena baada ya kuhesabu mzunguko mzima na dumbak.

Mazoea hayo yanasaidia pia wakati wa taksimu, pale mpiga ganuni anapobaki peke yake bila mdundo. Nilikuwa nikiweka sauti ya upepo chini yake, nikidhani ninampamba. Aliniomba niitoe, nikaitoa. Sasa taksimu ikianza ninashusha kila kitu, ninaondoa mikono mezani na kumtazama yule mzee wa dumbak, ambaye kabla ya kurudi hunyanyua bega la kulia, kidogo tu, na bega hilo likishuka nami ndipo ninapoingia.