Kamera ya kuvaa: kichwa si jicho

Video nyingi za kamera za kuvaa huharibiwa na dhana moja: kwamba kamera inaona anachokiona aliyeivaa. Haioni. Ukiinamia tairi la baiskeli, kichwa hutulia na macho ndiyo yanayohangaika, mara tundu, mara msasa, mara kiraka. Kamera iliyo kwenye paji la uso haiyafuati macho. Inakodolea pale uso ulipoelekea, na mtazamaji anabaki akitazama sakafu iliyo mbele ya kazi huku vidole vikionekana nusu chini ya fremu.

Tuchukue hiyo hiyo kazi ya kuziba pancha. Ni ya mikono, na ina swali ndani yake: tundu liko wapi, na kiraka kitashika? Bila swali la namna hiyo, kamera ya kuvaa haikupi simulizi, inakupa ushahidi tu kwamba ulikuwepo.

Anza na mahali pa kuifunga. Kifuani ndipo pazuri kwa kazi ya kukaa: mikono inaonekana kuanzia viwikoni, na kifua hakigeuki ovyo kama kichwa. Ila ukiinama nacho kinainama, kwa hiyo inua lenzi juu kuliko unavyodhani inahitajika. Kichwani panafaa unapotembea, au unapotaka mtazamaji ageuke pamoja nawe. Kamera ya kawaida ya vitendo, aina ya GoPro, ina uzito wa gramu 150 hivi, na juu ya mkanda laini hucheza kila hatua. Kaza mpaka ukiisukuma kwa kidole, ngozi ya paji isogee pamoja nayo, kisha iinamishe hadi ncha za vidole vyako zifike katikati ya fremu. Miwani ya kamera ndiyo iliyo karibu zaidi na macho, lakini lenzi yake iko pembeni: kitu ukikileta karibu na pua kinahamia ukingoni mwa picha. Kishike umbali wa mkono uliokunjwa kidogo. Vyovyote utakavyoamua, rekodi dakika mbili za kazi yenyewe, si za kusimama na kupunga mkono, kisha uzitazame kabla ya kuanza kwa kweli.

Baada ya hapo fundisha shingo. Ukitaka kitu kionekane, kielekezee pua, si macho. Geuza kichwa taratibu, robo ya mduara kwa sekunde nne au tano, halafu tulia ukihesabu hadi tatu. Utajiona kama roboti. Kwenye skrini utaonekana mtu wa kawaida. Na mpangilio ni huu: uso utangulie, mkono ufuate. Tazama beseni la maji kwanza, ndipo mkono uingie na tyubu. Mtazamaji akishaona pale mkono unapokwenda kabla haujafika, anaijua nia yako bila kuambiwa.

Kichefuchefu kinatokana na mgongano: macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema mwili umetulia. Kituliza mtikisiko cha kamera husaidia mchana. Kwenye mwanga hafifu kinakusaliti, kwa sababu kinasogeza fremu nzima lakini hakiwezi kufuta ukungu ambao tayari umo ndani ya kila fremu. Picha inatulia huku ikipwitapwita kama uji wa moto. Tiba ni taa. Ukikosa taa, zuia kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, isishuke chini ya 1/100 ya sekunde, na uruhusu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600. Chembechembe huvumilika kuliko ukungu. Penye umeme wa hezi 50 tumia fremu 25 au 50 kwa sekunde, na shata ya 1/100. Penye hezi 60, tumia 30 au 60, na shata ya 1/120. Ukivichanganya, taa za ndani zitapepesa mistari kwenye video.

Rekodi kwa 4K hata kama itakwenda kwenye simu. Fremu ya mlalo yenye pikseli 2160 kwa kimo, ukiikata kuwa wima, inakuachia upana wa 1215, na video ya wima ya kawaida inahitaji 1080. Kwa kasi ya megabiti 60 kwa sekunde, dakika moja hula megabaiti 450 na saa moja gigabaiti 27, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inakupa saa mbili na ushee. Chukua yenye alama ya V30, yaani inayoandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Usirekodi mfululizo, klipu za dakika tatu hadi tano hupunguza joto, maana kamera iliyokaa ndani ya chumba bila upepo huzima yenyewe, na kwa kawaida huzima pale mambo yanaponoga.

Sauti ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo inayomwingiza mtu ndani ya mwili wako. Maikrofoni ya kamera ya kifuani husikia mkanda ukisugua shati, zipu, pumzi. Vaa pamba, nailoni inachakarisha. Ikiwezekana bana maikrofoni ndogo shubiri moja chini ya kidevu, yenye kofia ya sponji, au ya manyoya kama kuna upepo, na upige kofi moja mbele ya lenzi ili upate mahali pa kulinganisha sauti na picha. Rekodi pia sekunde 30 za mahali penyewe bila kusema neno. Zitaziba mapengo wakati wa kuhariri.

Maneno mengi yaache yarekodiwe baadaye, na hapo amua njeo moja, yaani wakati mmoja wa kitenzi. "Naizamisha tyubu, naona povu" inamfunga mtazamaji mikononi mwako, lakini inachosha upesi kwa kuwa inatamka kile ambacho jicho limekwisha kuona. "Nikaizamisha, nikasubiri" ni sauti ya anayekumbuka, na inakupa nafasi ya kusema kisichoonekana: ulichohofia, ulichokosea. Mimi ningechagua ya pili. Kuzichanganya ndani ya dakika moja ndiko kusikofaa.

Saa nzima ya video ikupe dakika mbili au tatu. Usianze na mkono unaorekebisha mkanda. Anza tyubu ikiwa tayari majini, na uzi wa vipovu ukipanda kutoka kwenye tundu lisiloonekana. Hapo usikate. Acha sekunde sita, nane. Weka na picha chache kutoka nje, simu ikiwa imeegemezwa ukutani: uso wako, mahali pote, kitu kwa karibu. Jicho la nafsi ya kwanza halijioni, na baada ya dakika moja mtazamaji anataka kujua ameazima kichwa cha nani. Ukitaka kuficha mkato, kata katikati ya mgeuko wa kichwa, klipu zote mbili zikielekea upande mmoja.

Waambie watu kwamba unarekodi, kwa mdomo. Taa ndogo ya miwani wengi hawaijui, na kuiziba ni hila. Vua kamera chooni, hospitalini na mbele ya mashine ya pesa. Kumbuka pia kwamba inaona skrini ya simu yako ukiingiza namba ya siri. Matangazo ya moja kwa moja hayana mkasi, kwa hiyo yaanzishe ukiwa mbali na mlango wa nyumbani.

Kabla ya kupakia, itazame mara moja bila sauti, kisha isikilize bila picha. Ukipotea kwenye duru ya kwanza, kosa ni la shingo. Ukipotea kwenye ya pili, rudi kwenye maikrofoni.